Kidole Shavuni

Watoto walikuja kwangu darasa la kwanza wakiwa na kidole shavuni. Mwanzoni nilidhani ni meno. Mtoto wa kwanza alisimama kusoma, akaweka kidole cha shahada pembeni mwa mdomo, upande wa kulia, akasukuma shavu juu kidogo, ndipo akasema "ba". Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu naye. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimewasikiliza wote thelathini na mmoja, na kila walipofika kwenye ba, pa au ma, kidole kilipanda. Nikauliza ni nani aliyewafundisha ujinga huu. Wakanijibu kwa upole, kama watu wanaomsaidia mgeni, kwamba ndivyo inavyosomwa.

Aliyewafundisha alikuwa Mwalimu wa Nasari. Kitengela nzima ilimwita hivyo, kuanzia mchungaji hadi wauza nyanya wa barabarani, na mimi niliyefanya kazi naye miaka mingi, ukuta wa mabati tu ukiwa kati ya darasa lake na langu, sikuwahi kumwita vingine. Jina lake nalijua lakini sitaliandika, kwa sababu angenikasirikia na hasira yake naijua. Alitoka upande wa Ukambani, mimi natoka Kakamega, na kuhusu ukoo hayo yanatosha. Ninachotaka kusimulia ni uso wake, na jinsi alivyoishi nao.

Kwanza nikiri kosa langu, kwa maana nisipolitoa mapema litanikaba. Kabla ya hayo yote alikuwa na kiuvimbe chini ya sikio la kulia, kigumu, kama punje ya njugu. Alikaa nacho zaidi ya miaka miwili. Hakikumuuma. Siku moja, tukiwa tunakunywa chai chumba cha walimu, aliniuliza kama nakiona, nami nikamwambia hayo ni machubwichubwi tu, ule ugonjwa wa watoto wa kuvimba mashavu, na kwamba ameupata ukubwani kwa sababu anashinda na watoto. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto mwenye machubwichubwi hubebeshwa kuni kichwani akauzunguke mti fulani, akiuambia uuchukue ugonjwa wake. Walimu wote walicheka. Naye alicheka, kwa uso wote, pande zote mbili. Nafikiri nilikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuuona uso wake ukicheka hivyo, na ulikuwa ukicheka upuzi wangu.

Haikuwa machubwichubwi. Ilikuwa saratani ya tezi ya mate, ugonjwa ambao sisi wote pale shuleni hatukujua hata kama upo. Nani angejua kwamba mate yana tezi, na kwamba tezi hiyo inaweza kukuua? Daktari aliyempasua kule Nairobi alimweleza kwamba mshipa unaoamrisha uso unapita katikati ya tezi ile, na uvimbe ulikuwa umeuzunguka. Wakiuokoa mshipa, wataiacha saratani humo humo. Akawaambia wakate. Aliniambia hayo mara moja tu, tukisahihisha vitabu, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini amebadilisha duka la unga.

Aliporudi baada ya upasuaji na wiki nyingi za mionzi, upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelala. Jicho halikufumba. Shavu lilikuwa limeshuka, na pembe ya mdomo imeshuka nalo. Kovu lilianza mbele ya sikio, likazunguka nyuma yake na kuteremka shingoni. Mimi, mtu mzima, mama wa watoto watatu, nilimsalimia nikiangalia kifungo cha blauzi yake. Nilikiangalia kifungo kile karibu muhula mzima. Aibu hiyo niko nayo hadi leo.

Mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, alimshauri akae ghala la vitabu kwa muda, watoto wasije wakaogopa. Akakataa. Tena akaomba apewe wale wadogo kuliko wote, maana kabla ya hapo alikuwa akifundisha darasa la nne.

"Wakubwa wataniangalia," akasema. "Wadogo watanizoea."

Ndivyo alivyokuwa Mwalimu wa Nasari. Na ndivyo kidole kilivyozaliwa, kwa sababu midomo yake haikukutana tena upande wa kulia. Akitaka kusema "ba", pumzi ilitorokea pembeni na neno likatoka limechakaa. Basi aliisukuma pembe ya mdomo juu kwa kidole, midomo ikafunga, "ba" ikatoka safi kabisa. Wale watoto wa miaka minne na mitano hawakuona ugonjwa hapo. Waliona jinsi herufi inavyotengenezwa.

Nilipigana na kidole hicho kwa miaka. Naomba nieleweke, nilidhani ninawasaidia. Nilipita kati ya madawati na rula, nikagusa kila kidole kilichopanda, wengine niliwagusa kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Nilipeleka mashtaka kwa mwalimu mkuu. Nilisema watoto wa shule nyingine watawacheka, watoto wetu wataonekana kama wana kasoro. Mwalimu mkuu akamwita, akamweleza kwa kuzunguka zunguka, naye akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: je, wanasoma au hawasomi? Walikuwa wanasoma. Walinifikia wakijua kusoma kuliko watoto wowote niliowahi kupokea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Uso ule aliufanya chombo cha kazi. Kwa kuwa upande wa kushoto ndio pekee uliocheka, na upande wa kulia haukubadilika hata nyumba ikiungua, alijifunza kuwageuzia watoto upande waliostahili. Ukisoma vizuri, unapata wa kushoto. Ukimnyang'anya mwenzako penseli, anageuka polepole, bila neno, hadi upande wa kulia unakutazama na lile jicho lisilofumba. Darasa zima lilinyamaza. Niliona kwa macho yangu watoto hamsini wakinyamazishwa na shavu, wakati mimi kwa ukuta wa pili napiga kelele hadi koo linakauka.

Sifa alikuwa bahili nazo. Walimu wa nasari wengine hupigisha makofi, huimba, humwita mtoto bingwa kwa kutamka silabi moja. Yeye alimsimamisha mtoto, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Umesoma. Kaa." Basi. Na watoto waliililia hiyo "umesoma" kama peremende. Nilimwona mzazi mmoja akija kulalamika kwamba mtoto wake halali, anafanya mazoezi kitandani ili kesho aambiwe akae.

Jicho ndilo lililomsumbua kuliko yote. Kitengela ni vumbi. Malori ya mawe na ya saruji yanapita tangu alfajiri, upepo unatoka nyikani bila kuzuiwa na kitu, na jicho lisilofumba linapokea yote. Alipewa dawa ya matone, akaambiwa alifunike kwa plasta akilala. Mchana akatafuta suluhisho lake mwenyewe: akaenda kwa mafundi wa kuchomelea vyuma kando ya barabara ya Namanga, akanunua miwani yao, ile yenye kuta pembeni, akamwambia fundi atoe kioo cheusi aweke cheupe. Akawa anakuja kazini hivyo, gauni limepigwa pasi, Biblia kwapani, miwani ya fundi usoni. Watoto wapya walidhani nyumbani anatengeneza mageti.

Na kwa sababu jicho la kulia halikufumba, kila alipopepesa, ni la kushoto tu lililofumba. Yaani alikuwa anakonyeza. Alimkonyeza askofu siku ya kipaimara. Alimkonyeza mkaguzi wa shule. Na alimkonyeza mwenye bucha wa karibu na steji, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe, ambaye alilielewa konyezo hilo anavyotaka yeye na kwa miezi mingi akawa anamkatia nyama kubwa kuliko aliyoagiza, tena sehemu nzuri. Nilipogundua niliona ni wajibu wangu kama Mkristo kumwonya dada yangu. Akanisikiliza. Akanigeuzia upande wa kushoto.

"Nilijua," akasema. "Lakini nyama ilikuwa laini, na mimi niko na meno machache."

Meno yalikuwa kweli machache, mionzi ilikuwa imeyaharibu. Mate nayo yalipungua sana. Alitembea na chupa ya maji ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na ugali mkavu haukupita kooni bila mchuzi. Muthokoi alioupenda tangu utotoni, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, alilazimika kuuchemsha hadi ukawa kama uji, na alilalamika kuhusu hilo zaidi ya alivyowahi kulalamika kuhusu saratani. Uso aliusamehe. Muthokoi hakuusamehe.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa jasho. Miezi kadhaa baada ya upasuaji alianza kutokwa na jasho shavuni kila alipokula. Si uso mzima, ni kipande tu mbele ya sikio la kulia, mahali palipokatwa. Anatafuna, shavu linalowa. Kwenye mazishi ya mwenzetu mmoja tulikuwa tumekaa kwa mstari tukila wali, na mama mmoja akaja kumkumbatia, akimwambia asilie sana, marehemu amepumzika. Mwalimu wa Nasari alimshukuru, akapangusa shavu kwa leso, akaendelea na wali wake. Daktari alimweleza kwamba mishipa midogo iliyokuwa ikiiambia tezi itoe mate ilikatwa, ikaota upya ikitafuta pa kwenda, ikapotea njia na kuingia kwenye ngozi. Kwa hiyo mwili ulipotaka mate, ngozi ikatoa jasho.

Sijui wewe ungefanya nini na jambo kama hilo. Mimi ningelificha. Yeye alilipeleka darasani. Ilikuwa Ijumaa, baada ya usafi, watoto wakiwa wamekaa chini, na mmoja akamwomba kama kawaida: "Mwalimu, fikiria ndimu." Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekuja kuazima chaki. Akafumba jicho lake moja. Akatulia. Darasa halikupumua. Kisha mbele ya sikio, kwenye ngozi kavu kabisa, likatokea tone, na tone jingine, shavu likaanza kung'aa, na hakuna chakula wala ndimu karibu. Watoto wakashusha pumzi kwa pamoja. Chaki nilisahau kuichukua. Nilirudi darasani kwangu, nikawaambia wangu wachore chochote wanachotaka, kwa sababu sikuwa na la kuwafundisha siku hiyo.

Kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mchezo. Kila Agosti, shule zikifungwa, alienda Nairobi kukaguliwa. Aliuita "mtihani wangu". Faili lake alilibeba ndani ya mfuko wa karatasi wa unga, akavaa gauni lile lile la kijani, na siku hiyo hakuzungumza na mtu hadi majibu yatoke. Mara nyingi nilimsindikiza, kwa sababu ya kifungo cha blauzi, nafikiri, na kwa sababu ya ule mti wangu wa machubwichubwi. Alikuwa ameambiwa mapema kabisa kwamba saratani ya aina yake ina subira. Nyingine zikikaa miaka mitano bila kuonekana, watu wanapongezana. Ya kwake inaweza kunyamaza miaka kumi, kumi na tano, ishirini, halafu ikajitokeza mahali pengine, hasa kwenye mapafu. Kwa hiyo kila Agosti swali lilikuwa lile lile, na sote tuliokuwa karibu naye tulilijua: je, imerudi?

Mwaka wa tano ulipotimia, kanisa lilitaka kumfanyia ibada ya shukrani. Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi, akina mama wameshapanga nani anapika nini. Mchungaji akatangaza mbele ya watu kwamba dada yetu amepona. Mwalimu wa Nasari akasimama katikati ya ibada, akaenda mbele, akasema anashukuru Mungu kwa kila siku aliyompa, lakini neno hilo alirudishe mchungaji, halijawa lake. Yeye bado anafanya mtihani. Watu walikasirika. Waliona hana imani. Mimi niliona mtu mwenye imani kuliko sisi wote, anayeweza kuamka kila asubuhi, akapiga pasi, akaenda kufundisha "ba" bila kuahidiwa chochote. Sikumwambia. Wakati huo bado nilikuwa nagusa vidole vya watoto wake kwa rula.

Msidhani alikuwa malaika. Kuna fundi wa machimbo ya mawe kutoka Kiserian aliyeelekezwa kwake, ana uvimbe pale pale chini ya sikio, amejifunga leso kama mwenye jino bovu. Mwalimu wa Nasari alimkalisha, akauchukua mkono wa yule mwanamume, akauweka kwenye kovu lake na shavu lililolala ili ajue anachokikimbia kina sura gani, kisha akampeleka hospitali mwenyewe, akisubiri naye kwenye foleni siku mbili. Ya yule fundi haikuwa saratani. Walitoa uvimbe, mshipa ukabaki mzima, akarudi na uso wake wote na kuku wawili wa shukrani. Tulifurahi. Jioni, akinyonyoa kuku, aliniambia kwamba amemwonea wivu yule mtu hadi tumbo limemuuma. Alilisema wazi, akaendelea kunyonyoa. Kesho yake alikuwa bado na wivu. Siku ya tatu uliisha, akanijulisha kwamba umeisha.

Alipostaafu alihamia upande wa Mashuuru, kwenye kipande cha shamba alichokuwa nacho, akisema anatoroka malori. Mtihani wa Agosti aliendelea nao. Na mwaka wa kumi na saba tangu upasuaji, wakati wengi wetu tulikuwa tumesahau kuogopa, picha ya kifua ilionyesha madoa. Matano. Madogo. Daktari wa zamani alimweleza kwamba ni ile ile, imesafiri, na kwamba hakuna dawa ya kuiondoa, lakini mara nyingine inatembea polepole sana, mtu akaishi nayo miaka. Watayaangalia tu madoa kila baada ya miezi sita. Nililia barabara nzima kurudi. Yeye aliniuliza kama nimebeba leso ya ziada, maana alikuwa anataka kula mandazi na shavu lake lingelowa.

Basi aliishi na madoa yake, mwaka baada ya mwaka, huko Mashuuru. Nilisikia anafundisha akina mama kusoma siku za Jumatano, kwenye kanisa la mabati, wanawake wa Kimaasai wenye wajukuu, na bila kuuliza nilijua vidole vyao viko wapi.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Hatukuwa tumeonana kwa karibu miaka miwili, magoti yangu yakiwa kisingizio.

"Mwalimu," akasema, "Alhamisi niko na mtihani. Siku hizi wananiangalia hapa Kajiado. Njoo tukae pamoja."

Nilimkuta nje ya hospitali, kwenye benchi, katika gauni la kijani ambalo sasa lilimpwaya. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Mfuko wa unga uko mapajani, miwani ya fundi usoni, chupa ya maji shingoni. Mzee mmoja aliyejifunga shuka nyekundu alipita akamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kwa sauti ya chini. Nilimtazama usoni, pande zote mbili, na sikutazama kifungo chochote. Aliniambia kwamba anapumua vizuri, isipokuwa akipanda kilima. Halafu akanyamaza, na nikajua mtihani umeanza.

Tulipoitwa tulimkuta daktari kijana, mwenye miaka ishirini na kitu, amezama kwenye makaratasi. Hakuinua kichwa. Alituonyesha viti kwa mkono, akasema samahani, kuna foleni, majibu ya picha yameletwa sasa hivi na yeye hajayasoma. Akayafungua. Akaanza kuyapitia kimya kimya, midomo ikitembea kidogo, kama mtu anayetaka kuwa na uhakika.

Na alipofika mahali fulani pagumu, akasita, na kidole chake cha shahada kikapanda. Kikatulia pembeni mwa mdomo, upande wa kulia. Kikasukuma shavu juu.

Nilihesabu haraka miaka, nikaujua umri wake, nikajua alikuwa katika kundi lile la kwanza kabisa, la wale thelathini na mmoja. Alipita kwake, kisha akapita kwangu. Nilikuwa nimekipiga kidole kile. Kilikuwa kimengoja nigeuke, kikarudi, kikaenda sekondari, kikaenda chuo kikuu, kikajifunza majina ya mishipa yote ya uso wa binadamu, na sasa kilikuwa mbele yetu kinasoma mapafu ya yule aliyekianzisha.

Nilimgeukia Mwalimu wa Nasari. Alikuwa amekiona. Alikuwa ameshika mfuko wa unga kwa mikono miwili, na chupa ya maji ilikuwa inatikisika kifuani.

Daktari akamaliza ukurasa, akainua kichwa ili aseme. Akamwona. Hakuna uso mwingine kama ule Kenya hii. Karatasi ikashuka mezani. Macho yakamjaa maji, na nikaelewa kwamba alikuwa amesoma jambo ambalo sasa hawezi kumwambia mtu huyu.

"Soma," Mwalimu wa Nasari akasema.

Yule daktari akasimama. Hakuambiwa asimame. Alirudisha kiti nyuma, akasimama wima kwa koti lake jeupe, akaishika karatasi mbele yake kwa mkono mmoja, na akasoma kwa sauti, akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili, polepole. Madoa bado ni matano. Manne yako vile vile, hayajabadilika. La tano, chini upande wa kulia wa mapafu, limekua. Limekua kidogo, si sana, lakini limekua. Inashauriwa mgonjwa apigwe picha tena baada ya miezi mitatu badala ya sita. Sauti yake ilipasuka kwenye "mapafu" na kwenye "mitatu", na mara zote mbili kidole kilipanda kikaisaidia.

Nje mtu alikuwa anaita namba inayofuata. Nilitaka kumwomba msamaha mmoja wao au wote wawili.

Mwalimu wa Nasari alivua miwani yake, akaipangusa kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Kisha akamgeuzia upande wa kushoto, polepole, hadi kijana akaupata wote.

"Umesoma," akamwambia. "Kaa."

Daktari akakaa.